Barua ya Chuo Ikifika, Tuketi Tupige Hesabu

Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana waliomaliza kidato cha nne na wazazi wao, Nyacheki, eneo bunge la Bobasi. Yamehaririwa kidogo ili yasomeke.

Wazazi wetu, walimu, wazee wa mtaa, mama zangu wa Nyacheki, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnangoja kutoroka, asanteni kwa kuja. Nitaongea Kiswahili ili hata walioolewa hapa kutoka kwingine na wafanyabiashara wa soko letu waelewe. Kwa hiyo nikisema "baba" leo, ninamaanisha yule ambaye kwa Ekegusii tunamwita "tata". Msije mkanielewa kinyume, mkaniletea kesi na akina mama.

Nimeitwa kuzungumza juu ya jambo moja: kijana akiwa na nafasi mbili au tatu za chuo mbele yake, familia ichague vipi? Wengi wenu mnadhani swali hilo ni la watoto wa matajiri. Si kweli. Mtoto wa hapa anaweza kuwa amepangiwa shahada na KUCCPS katika chuo kikuu cha mbali, akawa angeweza kupata nafasi ya diploma mjini Kisii, na wakati huo huo ana barua ya chuo cha kibinafsi aliyoletewa na mtu sokoni. Hizo ni njia tatu, na kila moja ina bei yake.

Kwanza tuelewane kuhusu KUCCPS. Idara hii haikupi barua tano uchague kama nguo za mitumba. Unaweka machaguo yako kwenye mtandao, kisha unapangiwa nafasi moja. Kwa hiyo uchaguzi wenyewe hufanyika mapema, siku ile unapojaza machaguo. Usipopata nafasi, dirisha hufunguliwa tena kwa kozi ambazo hazijajaa. Ukishapangiwa na ukaona mambo hayakai sawa, kuna kipindi cha kuomba uhamisho wa chuo au wa kozi. Lakini uhamisho hutegemea alama zako na nafasi iliyopo kule unakotaka kwenda. Asikudanganye mtu kwamba utakubali tu halafu "utahama baadaye". Wengi huomba, si wote hupata.

Alama mnazijua. C+ ndiyo mlango wa shahada, C- wa diploma, D ya kozi za cheti cha ufundi, na hata mwenye E ana kozi za ufundi wa mikono. Ninalotaka kusema ni kwamba kupata C+ hakumlazimishi mtoto kwenda chuo kikuu. Mlango umefunguliwa, lakini ni yeye na ninyi mnaoamua kama ataingia. Najua kuna mzazi hapa ambaye sentensi hiyo imemkera. Anivumilie mpaka nifike kwenye hesabu.

Mei 2023 serikali ilibadilisha mfumo wa kufadhili vyuo vya umma, na wanafunzi wawili wanaokaa dawati moja wakaweza kulipa karo tofauti kabisa. Kufikia 2024 familia zilipimwa uwezo wake na kuwekwa katika mojawapo ya makundi matano. Kundi la kwanza, la familia zenye uhitaji mkubwa zaidi, lilipata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa asilimia 25, na nyumba ililipa asilimia 5. Kundi la pili lilikuwa 60, 30 na 10. La tatu lilikuwa 50, 30 na 20. La nne lilikuwa 40, 30 na 30. La tano lilikuwa 30, 30 na 40.

Mfumo huu umepelekwa mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba unakiuka Katiba, kisha shauri likapelekwa Mahakama ya Rufaa. Kwa hiyo msishike takwimu zangu kama amri kumi. Kile cha kuamini ni kile kilichoandikwa katika akaunti ya mtoto wako mwaka huo. Nawapa takwimu hizi ili mjue jinsi ya kukokotoa.

Tuchukue kozi ya kubuni ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Familia ya kundi la pili itaulizwa 20,000. Familia ya kundi la nne itaulizwa 60,000. Kozi ni ile ile, mwalimu ni yule yule. Ndiyo maana ninawasihi: fomu ya HELB isijazwe na kijana wa saiba peke yake huku wewe uko shambani. Ulizwa kila swali, jibu mwenyewe. Yatima awe na cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye ndugu wengine shuleni aseme ni wangapi na wako shule gani. Ukiona umewekwa kundi ambalo haliendani na hali yako, omba hesabu ipitiwe upya, usinung'unike tu njiani ukirudi nyumbani.

Na hapo kwa saiba, neno la haraka. Nambari ya simu inayoandikwa kwenye fomu iwe ya mtoto, si ya mwenye duka. Pesa za kujikimu za HELB hutumwa kwa simu.

Sasa turudi kwa ile familia ya kundi la pili. Kiwango cha juu cha mapato ya kundi hilo kilitajwa kuwa shilingi 23,670 kwa mwezi. Wakiona wanadaiwa 20,000 tu kwa mwaka wanashangilia, na wana haki. Lakini karo ni sehemu moja tu ya gharama. Tuseme mtoto amepelekwa chuo cha mbali na hakupata bweni la chuo. Chumba cha kupanga, tuweke 4,000 kwa mwezi kwa miezi tisa: 36,000. Chakula, tuweke 200 kwa siku kwa siku 270: 54,000. Nauli za kwenda na kurudi muhula kwa muhula, 8,000. Kuchapisha kazi, data, sabuni na vitu vidogo vidogo, 10,000. Jumla ni 108,000. HELB ikimpa mkopo wa kujikimu wa 55,000, inabaki 53,000. Ongeza ile 20,000 ya karo. Nyumbani wanatakiwa kutoa 73,000 kila mwaka, yaani zaidi ya 6,000 kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya robo ya mapato yote ya nyumba, kabla ya kununua unga, na kabla ya kumlipia mdogo wake aliye shule ya sekondari.

Bei za chumba na chakula nimezikadiria. Chukueni daftari muandike za kwenu. Pigeni simu kwa mtoto wa jirani anayesoma kule, mumuulize analipa nini kwa chumba na anakula nini jioni. Atawaambia ukweli kuliko kijitabu cha chuo.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo ambalo sisi Abagusii tunalijua vizuri, nalo ni harambee. Mtoto akiitwa chuo kikuu tunakusanyika, tunachinja, mheshimiwa anakuja na bahasha, kanisa linachanga, na mtoto anaondoka na sanduku jipya na godoro. Ni jambo jema, na sitaki kulipunguzia heshima. Lakini mmewahi kuona harambee ya muhula wa tano? Mimi sijaona. Kelele huwa mwaka wa kwanza. Mtoto hukwama mwaka wa pili na wa tatu, wakati mashangazi wameshachoka na mheshimiwa habebi tena simu. Anarudi nyumbani kimya, anasema chuo kimefungwa, na baada ya miezi minne mnagundua kuwa chuo hakikufungwa. Amepoteza miaka miwili, deni la HELB liko pale pale, na cheti hana.

Kwa hiyo mkipiga hesabu, anzeni na mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu pesa zitatoka wapi? Jibu likiwa ni "Mungu atajalia", basi bado hamjajibu. Mungu amekwisha wajalia akili ya kupiga hesabu.

Wengi hapa tegemeo letu ni majani chai. Malipo ya kila mwezi kutoka kiwandani ni madogo, na pesa yenye uzito ni bonasi, ambayo huja karibu na Oktoba. Vyuo vingi huanza Agosti au Septemba. Wiki hizo chache za katikati ndizo zinazofanya mzazi akodishe majani chai yake kwa bei ya kutupa, au auze kipande cha shamba ambalo tayari limegawanywa mpaka limekuwa ukubwa wa leso. Kabla hujafika huko, nenda chuoni au piga simu ofisi ya fedha, uliza kama unaweza kulipa kwa awamu. Omba jibu kwa maandishi. Vyuo vingi hukubali kuliko mnavyodhani, ila hakuna atakayekufuata nyumbani kukuambia.

Kuhusu basari, niseme kama mtu wa serikali ya kaunti: zipo, na mkizipata ni heri. Zinaweza kutoka kwa kaunti, zinaweza kutoka kwa hazina ya eneo bunge. Lakini waombaji ni wengi kuliko pesa, na pesa yenyewe huchelewa. Msiiweke basari upande wa mapato katika daftari lenu. Ikija, iwe nyongeza.

Na mkopo ni mkopo. Yule mwanafunzi wetu wa kundi la pili atakopa 60,000 ya karo na 55,000 ya kujikimu, yaani 115,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 460,000. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, na kwa deni hilo ni kama 18,400 kila mwaka mwanzoni. Anatakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, awe ameandikwa kazi au la, na akinyamaza kuna faini ya 5,000 kila mwezi. Siwatishi msikope. HELB imesomesha watoto wa maskini tangu 1995, na bila mikopo hiyo wengi tusingefika tulikofika. Nasema tu kwamba deni litakuwa kwa jina la mtoto, kwa hiyo mtoto awepo mezani hesabu inapopigwa. Kumpigia hesabu ya deni mtu ambaye hayupo si haki.

Tuangalie upande wa pili. Kisii National Polytechnic, ambayo wazee bado wanaiita GIT, iko mjini. Kuna KMTC Kisii, na nyingine Nyamira. Kuna Ekerubo Gietai kule Nyamira. Katika mfumo mpya karo ya vyuo vya kiufundi vya umma iliwekwa kuwa shilingi 67,189 kwa mwaka, na hiyo nayo inagawanywa kati ya ufadhili, mkopo na familia. Vyuo vya KMTC vina karo zao, za juu kuliko hizo, kwa hiyo someni barua vizuri. Diploma nyingi huchukua miaka mitatu, na ndani yake kuna miezi ya mafunzo kazini. Mwenye diploma anaweza kuendelea na shahada baadaye, kwa pesa yake mwenyewe akitaka. Sheria ya mfumo wa taifa wa sifa za elimu ya 2014 iliwekwa kusudi mtu aweze kupanda ngazi hivyo.

Kuna wanaodharau cha karibu. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake kamili 2013, lakini kwa kuwa tunakipita tukiwa ndani ya matatu, kuna mzazi anayeona mtoto akisoma hapo hajaenda popote. Afadhali Nairobi, jina lisikike. Mimi nauliza kozi ni gani na itakamilika kwa pesa gani. Jina la mji halikati tikiti ya kazi.

Lakini cha karibu nacho kipigiwe hesabu, kisichukuliwe kuwa bure. Mtoto akisema atakuwa akitoka Nyacheki kila asubuhi hadi mjini Kisii na kurudi jioni, pigeni nauli ya siku tano kwa wiki, mlinganishe na kodi ya chumba cha watu wawili. Mara nyingi nauli ndiyo inayokula zaidi. Halafu msimu wa mvua mnaujua, na barabara zetu za ndani mnazijua.

Kuna watu ambao ukaribu kwao si suala la pesa tu. Nawafikiria wasichana waliojifungua wakiwa shule na wakarudi wakamaliza. Wapo hapa, na ninawaheshimu. Kwa binti kama huyo, chuo ambacho bibi anaweza kumlea mtoto naye mama akafika nyumbani Ijumaa jioni ndicho chuo atakachomaliza. Shahada ya mbali yenye jina kubwa inaweza kumvunja ndani ya muhula mmoja kwa mawazo peke yake. Mwenye ulemavu naye aulize kabla ya kuripoti: madarasa yako ghorofa ya ngapi, na njia ya kiti cha magurudumu iko wapi. Aulize kwa simu, kisha mtu aende akaone kwa macho.

Hapa ndipo ninapoingia kwenye kumfaa mtoto mwenyewe. Sisi wazazi wa Gusii, na mimi nimo maana nina mtoto, tuna kozi tatu tu vichwani: udaktari, uanasheria na ualimu. Mtoto anayefungua redio tangu akiwa darasa la nne tunampeleka ualimu kwa sababu mjomba ni mwalimu mkuu. Wakati huo huo kuna walimu waliohitimu miaka mingi iliyopita wanaosubiri TSC iwaite. Sisemi ualimu ni mbaya. Anayeupenda aende, tunahitaji walimu wanaopenda. Anayekwenda kwa sababu ya mjomba, huyo ndiye atakayeacha mwaka wa pili na pesa zenu.

Mimi nilisomea uanahabari. Kabla ya kuweka kozi hiyo nilimuuliza mwandishi mmoja wa redio jinsi siku yake inavyokwenda, kuanzia asubuhi. Alinieleza mambo ya kuchosha kabisa: kusubiri nje ya ofisi za watu, kusikiliza kanda mara tano, kulipwa kwa kuchelewa. Nikaona bado naitaka. Fanyeni hivyo. Kijana anayetaka uuguzi akae na muuguzi wa zahanati hapa jioni moja amuulize kuhusu zamu za usiku. Anayetaka uhandisi wa umeme amfuate fundi siku moja juani. Muulizeni mtoto swali hili, kisha mnyamaze asije akajibu mnachotaka kusikia: "Ungesoma nini kama hakuna mtu angejua?"

Bado sijagusa ile barua ya tatu, ya chuo cha kibinafsi. Viko vyuo vizuri vya kibinafsi. Lakini jueni kwamba katika mfumo huu ufadhili wa serikali ni wa vyuo vya umma. Anayekwenda chuo kikuu cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo, si ufadhili. Halafu kuna vyuo vya orofa moja juu ya duka la simu, vyenye bango kubwa na kompyuta sita. Kabla ya kulipa hata shilingi ya usajili, hakikisheni chuo cha kiufundi kimeidhinishwa na TVETA kwa kozi hiyo hasa, na chuo kikuu na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kwa kozi za taaluma kama uuguzi, uhandisi na sheria, ulizeni pia bodi ya taaluma husika kama inaitambua. Mtoto anaweza kumaliza miaka yote, akafaulu, kisha bodi ikakataa kumsajili. Anayewaletea barua sokoni na kutaka pesa kwa simu yake binafsi, mwambieni mtalipa kwa akaunti ya chuo. Akikasirika, mmepata jibu.

Na kwa wale ambao alama hazikufika hata diploma, vituo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti ni kazi yetu sisi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hiyo hapo mna haki ya kutudai sisi moja kwa moja. Ushonaji, uashi, umeme, ufundi wa magari. Nendeni mkatembelee kabla ya kudharau. Fundi mzuri wa kuchomelea vyuma hapa Nyacheki hakosi kazi, na ninyi wenyewe ndio mnaomsubiri wiki mbili afike kutengeneza lango.

Nimeongea sana. Meza ile pale chini ya mti ina maafisa wa elimu wawili na mimi, tutakaa hadi saa kumi. Mwenye barua aje nayo, mwenye simu aifungue ile akaunti ya HELB, na aje na daftari. Mzazi na mtoto waje pamoja. Tutaanza na wale wanaotakiwa kuthibitisha nafasi wiki hii.